Tangawizi Iliyochacha Njiani Kwenda Wajir

Tangawizi nzima haina ugomvi na mtu. Inaweza kulala guniani kibandani kwangu mpaka ijikunje kama kidole cha ajuza, na bado ukiivunja inakuchoma pua. Shida huanza unapoiponda na kuitia maji. Hapo imekuwa kiumbe kingine, na kwa joto la Garissa kiumbe hicho hakikungoji umalize kuongea. Hili nimelijua kwa kuumia, na sioni kwa nini nilieleze kwa upole.

Mimi ni muuza viungo. Nauza tangawizi, karafuu, iliki na mdalasini sokoni Garissa tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nilikuja kutoka upande wa Mwingi na gunia moja, mtoto mgongoni, shule nikiwa nimeiachia darasa la nne. Hakuna mwanamume aliyenifungulia biashara, wala sikupewa mkopo, wala sikuingia kikundi cha kina mama wa kuimba na kuchanga. Nayasema haya kwa sababu kuna watu ambao wakiona mama wa sokoni ametengeneza dawa ya kusukutua kinywa huuliza, "Ulisomea wapi?" Sikusoma. Nilikuwa na fizi zinazotoka damu, na mkononi nilikuwa na tangawizi. Ningengoja nani?

Jirani yangu wa kibanda ni mama Msomali wa rika langu. Anauza mabaati, yale magauni mapana ya nyumbani, pamoja na hina na udi, na kila mara hupeleka mzigo kwao Wajir kuuza nyumba kwa nyumba. Ananiita abaayo, dada, nami namwita hivyo hivyo. Tumegombana kuhusu kivuli cha turubai, kuhusu maji ya kufagilia, kuhusu nani alianza kukaa hapo, na hatujawahi kuhamia mbali. Yeye ndiye aliyeniletea malmal, utomvu mchungu wa mti ambao wafugaji huubandua porini. Kwao hupakwa kwenye kidonda na kwenye fizi. Nikachemsha tangawizi na karafuu na chumvi, nikayeyusha malmal humo, nikachuja kwa kitambaa, nikasukutua. Machozi yalinitoka. Lakini damu ilikoma.

"Hii ni adhabu," jirani yangu alisema alipoijaribu, mdomo umempinda. "Nani atanunua adhabu? Weka kitu tamu kidogo."

Nikaweka asali. Asali nilikuwa nayo, ya kaka yangu, ya mizinga ya nyumbani. Dawa ikawa na rangi ya chai nyepesi, ikawasha kwa adabu, na ukiitema kinywa kinabaki kama kimefagiliwa.

Watu waliipenda. Watafunaji wa miraa waliipenda, na walimu wa kutoka bara, na kina mama wanaokunywa chai yenye sukari nusu kikombe. Lakini aliyeifanya iende mbali ni jirani yangu. Zile dawa za kusukutua za dukani, zenye rangi ya samawati, nyingi zimetiwa spiriti, na watu wake hawataki spiriti kinywani, hata ya kutema. Yeye alikuwa akiinua chupa yangu mbele ya wateja na kusema, kwa lafudhi yake, "Haina bombe, wallahi. Nimeiona ikipikwa kwa macho yangu." Na kweli alikuwa ameiona. Alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akininyooshea kidole nikikosa kukoroga.

Wajir alianzia nyumbani kwa mjomba wake, abti, mzee anayefundisha watoto Kurani. Meno ya mzee yalikuwa yamebaki machache na fizi zimefura. Akatumia dawa yangu, akala nyama, akasifu. Mzee kama huyo akisifu kitu, mtaa mzima unataka. Basi jirani yangu akawa anapeleka chupa ndani ya mzigo wa mabaati, na kila mlango alikula kiapo kile kile. Nataka ieleweke kwamba kiapo hicho ndicho biashara yake yote. Yeye hana duka Wajir. Hana hata meza. Ana jina lake tu, na milango inafunguliwa kwa jina hilo.

Kisha ukaja msimu wa joto lile ambalo hata mbuzi hulalamika.

Safari hiyo alipanda gari alfajiri, mzigo wake juu ya keria. Mchana wakafika kwenye kizuizi cha polisi, pale abiria hushuka na vitambulisho mkononi na mizigo kufunguliwa. Haya yote nimeyasikia kwake, tena mara nyingi, na kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Polisi mmoja alipoweka mkono kwenye begi lake, begi likamjibu. Likafoka, ssss, kama nyoka. Polisi akaruka nyuma, akapiga kelele watu walale chini. Katika nchi hii yetu ya huku juu, yenye mabomu ya kutegwa njiani, begi linalofoka si jambo la kuchekewa. Watu wazima na watoto walilala kifudifudi kwenye mchanga unaounguza, na jirani yangu kati yao, akiita Mungu.

Ndipo kizibo kikaruka. Halafu kingine. Povu la tangawizi likapenya zipu na kumwagika juu ya mabaati mapya.

Polisi yule alikuwa mtu wa bara. Akasogea, akachovya kidole, akanusa. Akaanza kucheka mpaka akashika magoti.

"Mama," akasema, "si ungesema tu kwamba unabeba pombe?"

Mbele ya gari zima. Wote watu wa Wajir, nusu yao wanaijua nyumba ya mama yake.

Aliporudi Garissa hakunisalimia. Alikuja moja kwa moja, akaweka juu ya meza yangu chupa moja iliyosalimika, imevimba tumbo kama mjamzito wa miezi tisa.

"Nusa."

"Salaam aleikum kwanza."

"Nusa, abaayo. Katika laini hii yote wewe pekee unajua harufu ya hiyo kitu."

Hapo nilikasirika. Mimi nimeokoka. Tangu nije mji huu sijatia tone kinywani. "Kwa sababu mimi ni wa bara basi ni mlevi?"

"Sijasema mlevi. Nimesema unajua. Mimi nikinusa najuaje? Sijawahi kukaa karibu nayo. Nusa!"

Sikuhitaji kufungua. Nililegeza kizibo kidogo tu, hewa ikatoka, na nikawa nyumbani kwa baba yangu, mtoto mdogo, kibuyu cha asali na maji kimewekwa karibu na moto na matunda ya muratina ya kuchachushia ndani, wazee wamekaa nje wakiuliza kama imeiva. Harufu ile ile. Tangawizi ilikuwa imekaa juu yake kama mgeni.

"Ni nini?" akauliza.

"Ni tangawizi."

"Usinichezee. Nimeapa kwa Mungu mbele ya watu. Ni bombe au si bombe?"

Ningeweza kumwambia hapana. Angeniamini, angekwenda kuapa tena, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Niliutazama mtandio wake, ulikuwa bado na doa la njano begani.

"Ni pombe," nikasema. "Bado changa, lakini ni pombe."

Alikaa juu ya gunia langu la karafuu, jambo ambalo simruhusu mtu kufanya.

"Uliweka saa ngapi?"

"Sikuweka. Imejiweka."

"Bombe inajiweka yenyewe? Ina miguu?"

"Asali, maji, joto, na chupa iliyofungwa. Kwetu ndivyo inavyotengenezwa."

Aliyahesabu maneno hayo kwa vidole. Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo ulikuwa unajua."

"Nilijua ya kibuyu. Hii ni chupa ya dawa!"

"Na dawa ilijuaje kwamba iko kwa chupa?"

Kila mtoto wa Mwingi anajua asali ikikutana na maji itafanya nini. Nilikuwa nimeijua kazi hiyo kabla ya kujua kusoma, halafu nikaifunga kwa vizibo na kuipeleka kwa mwalimu wa Kurani.

Jirani yangu alikuwa amempigia mjomba wake simu kumwambia asitumie chupa alizo nazo, kwamba zimeharibika. Hakumwambia zimeharibika namna gani. "Siwezi kusema kwa simu," alisema. "Na watu wa lile gari wataongea. Nataka kufika kabla habari haijakomaa. Lakini siendi mkono mitupu, abaayo. Unitengenezee ile haigeuki. Niweke mbele ya abti niseme, ile ilikuwa makosa, hii ndiyo yenyewe. Halafu mlango yangu inabaki wazi."

Nikamwambia nitafanya. Nilisema kama mtu anayesema atafua shati.

Kwanza nilitoa asali. Nikapika na kuchuja, nikaweka kwenye rafu. Haikufoka. Nikafurahi. Halafu juu yake kukatokea utando mweupe, kama ngozi ya maziwa, na chini kukatulia tope la tangawizi ambalo hata ukitikisa namna gani linarudi. Katikati maji yalikuwa ya rangi ya kutu. Kuonja, ule ukali umekimbia. Ule ukali ndio dawa! Nikachemsha zaidi ili niue huo utando kabla haujazaliwa. Nikachemsha mpaka tangawizi ikawa haina harufu, ni maji ya kuoshea sufuria. Nikaongeza chumvi. Chumvi ilizuia kidogo, lakini mteja mmoja akaniuliza kama nimechota maji Lamu. Nikatia ndimu. Ndimu ilisaidia kuliko vyote, nasema ukweli, dawa ilikaa safi muda wa kuridhisha, lakini mwenye fizi zilizochubuka ukimpa ndimu na chumvi, anakutazama kama umemtusi mama yake.

Nikazitupa chupa za plastiki zilizojikunja kwa maji ya moto, nikatafuta za glasi. Nikazifunga kwa gunia lililoloweshwa. Nikaomba nafasi kwenye friji ya muuza nyama. Stima ikapotea, kama kawaida yake, na nilipozitoa zilikuwa zinanuka mbuzi. Ungependa kusukutua na mbuzi? Hata mimi sikupenda.

Nikamwendea kijana wa duka la dawa. Ni mtu wa kwetu bara, amesoma, koti jeupe, kalamu mfukoni. Nilikwenda nikiwa tayari kugombana naye, lakini alinisikiliza kwa adabu yote, na hilo liliniudhi zaidi.

"Mama, kitu chochote cha mimea chenye maji lazima kiharibike," akasema. "Vijidudu vinapenda hapo. Unahitaji kitu cha kuvizuia."

"Kitu gani?"

"Rahisi zaidi ni spiriti kidogo."

Nilimtazama. Akajua amesema jambo, ila hakujua ni jambo gani.

"Yaani ili isigeuke pombe," nikamwambia, "niitie pombe."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaniambia kuna unga pia, ule unaotiwa kwenye soda na sharubati, ila lazima upimwe kwa mizani ndogo, na hufanya kazi kama dawa ina uchachu wa kutosha, na ningepaswa kuacha chupa kadhaa kando nizitazame wiki baada ya wiki kabla ya kumuuzia mtu. Kijana yule alikuwa sawa, kila neno. Nilitoka dukani mwake nikiwa na hasira na jua, kwa sababu jua ndilo lililobaki.

Jirani yangu aliposikia habari za unga alikataa hata kabla sijamaliza. "Niliwaambia watu ni kitu ya mti na mzizi. Sasa niseme hapana, ni ya soda? Kiapo kwanza kimevunjika, cha pili nitabadilisha? Mtu wa kuapa mara mbili anaitwa nani?"

"Anaitwa mfanyabiashara," nikasema.

"Kwenu."

Siku iliyofuata alikuja na wazo lake mwenyewe, amejawa na furaha, hata chai alinunua yeye. Maziwa ya ngamia, alisema, yanatoka porini mpaka mjini kwa jua hili hili na hayaharibiki haraka. Kwa nini? Kwa sababu ya moshi. Kina mama huchoma vijiti vya mti maalumu, hutia makaa ndani ya chombo, hufunika, hutikisa, mpaka chombo kinafukizwa mpaka ndani ya mifupa yake. Halafu ndipo maziwa yanaingia.

"Bibi yangu hakuwa na friji," alisema. "Hakuwa na spiriti. Alikuwa na moshi. Leta mtungi."

Nikaleta mtungi. Alifukiza kwa ufundi, akiimba kwa pua, majirani wakikohoa na kututukana kwa lugha mbili. Tukamimina dawa. Na ilikaa, hiyo nampa haki yake. Ilikaa kuliko ile ya kwanza isiyo na asali. Tulianza hata kuzungumzia safari. Kisha tukampa mteja mmoja, dereva wa lori, aionje. Alisukutua, akatema, akafikiri.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mbona mmetia tangawizi kwenye susa?"

Susa ni maziwa ya ngamia yaliyochacha. Jirani yangu alimfukuza kwa kiatu. Lakini tulipoonja sisi wenyewe tulijua kwamba dereva hakukosea. Basi hapo ndipo tulipofika, wanawake wazima wawili: mimi kwa akili ya kwetu nimetengeneza pombe, yeye kwa akili ya kwao ametengeneza maziwa lala. Tukakaa tukatazama mtungi. Sijawahi kuchukia chombo cha udongo namna ile.

"Twende hivi hivi," akasema mwishowe. "Habari inakomaa. Jana mtu ameniuliza hapa sokoni kama bado nauza ile ya kizuizini."

"Twende na nani?"

"Mimi na wewe. Mimi niliapa, wewe ulipika. Utasema kwa mdomo wako."

Watu wetu wa bara wanaiogopa barabara ile, na mimi sitajifanya shujaa. Nimeishi Garissa miaka yote hii na Wajir nilikuwa sijafika. Nilimwambia nina mgongo. Nilimwambia kibanda kitabaki na nani. Hakubishana. Alitoa mtandio mkubwa kutoka kwenye mali yake ya kuuza, akanifunga kichwani na mabegani kwa mikono yake, akavuta ncha kama anayemfunga mtoto, akasema, "Kaa karibu na mimi, usiongee sana. Najua la pili litakushinda." Tukaenda. Kwenye kizuizi kile begi lake lilifunguliwa na mabaati yakatolewa moja moja na kutikiswa. Safari hii hakuna kilichofoka ila mimi, kwa ndani.

Mzee alitupokea uani, juu ya mkeka, kivulini mwa ukuta. Alikuwa mwembamba, ndevu zimetiwa hina, na alijua Kiswahili kizuri kuliko changu, cha zamani, cha kazi za serikali. Alituuliza habari za safari, za mvua, za kibanda changu. Chai ikaja. Jirani yangu alikuwa anapotosha ncha ya nguo yake kidoleni. Akaanza kwa Kisomali, mzee akamzuia kwa mkono.

"Ongea lugha ya mgeni."

"Abti, ile dawa nilikuambia usitumie…"

"Nani amekwambia niliacha?"

Jirani yangu aliweka kikombe chini.

"Uliniambia imeharibika," mzee akaendelea, ametulia kabisa. "Nikaonja. Nikaona inawasha vizuri kuliko mwanzo, tena ina povu lake. Nikasema huyu binti amekosea, hii haijaharibika. Hii ndiyo imeiva."

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Jirani yangu alikuwa amefunika uso wote kwa mtandio. Basi nikaona nisipolisema mimi halitasemwa.

"Mzee," nikasema, "ni kweli imeiva. Imeiva ikawa pombe. Mimi ndiye niliyepika. Niliweka asali, na joto likafanya kazi yake njiani. Huyu hakujua. Aliapa kwa alichokiona, na alichokiona siku hiyo kilikuwa safi."

Mzee aliinuka, akachukua birika la maji ya kutawadha, akaenda pembeni, akasukutua. Akatema. Akasukutua tena. Aliporudi alimtazama mpwa wake, si mimi.

"Kiapo kilikuwa cha ulichokiona," akamwambia. "Lakini watu wamebaki na usichokiona. Una nyumba ngapi hapa?"

Alizitaja.

"Kila mlango ulioingia ukiapa, leo utaingia ukisema. Usingoje kesho."

Kisha akanigeukia mimi. Nilikaza mgongo. Nilitegemea kukaripiwa.

"Na wewe, mama. Ukiipika bila asali, inakaa muda gani kabla ya kugeuka?"

Hapa ndipo kiburi changu kilipotaka kuongea. Kilitaka kusema wiki. Kilitaka kutaja ndimu na moshi na chupa za glasi. Nilimwona jirani yangu anafunua jicho moja kunitazama.

"Kwa joto hili, leo mpaka jioni iko salama," nikasema. "Labda kesho asubuhi. Zaidi ya hapo siapi, na yeye asiape."

Mzee akafikiri. Akapitisha ulimi kwenye fizi zake.

"Sasa kwa nini unaitia kwenye chupa?"

Nimeulizwa maswali na maofisa wa kodi, na mapolisi, na wakwe. Hakuna lililonikalisha chini kama hilo. Nilikuwa nimemaliza msimu mzima nikipigana na chupa, na hakuna aliyeniambia niiache chupa, wala mimi mwenyewe sikuwaza, kwa sababu bila chupa nauza nini?

"Binti zangu wana sufuria," mzee akasema. "Waonyeshe."

Nilikataa moyoni. Ile ilikuwa yangu. Katika maisha yangu yote vitu nilivyovianza mimi, vikatoka kichwani mwangu bila mwalimu, ni vichache, na hiki ndicho kilichofika mbali zaidi. Kwa miezi mingi sokoni nilikuwa nikiwafukuza watu waliosimama karibu nikipima karafuu. Lakini jirani yangu alikuwa tayari amesimama mlangoni, amejifunga mtandio vizuri, anakwenda kusema nyumba kwa nyumba kwamba alichokiapia kiligeuka pombe. Angewaambia nini baada ya hapo? Kwamba mwenye dawa amebaki amekaa juu ya mkeka wa mjomba wake, amefumba mdomo?

Nikaingia jikoni. Nikaponda tangawizi ya kujaa kiganja changu kimoja, nikawaonyesha. Karafuu kiasi hiki. Malmal wao waliijua kuliko mimi. Chumvi, si ya Lamu. Chemsha, usiue. Chuja, sukutua ikiwa vuguvugu, kinachobaki jioni mwaga, usikihurumie. Binti za mzee walirudia maneno yangu kwa Kisomali wakicheka lafudhi yangu, na wanawake wa nyumba za jirani waliokuja kuazima moto wakakaa. Mmoja akaita dada yake. Nilisema kila kitu, na kila neno lilitoka kama jino.

Jirani yangu alirudi jua limeinama, miguu imejaa vumbi, sauti imekwisha. Nyumba moja walimfungia mlango. Nyingine mama mmoja alimkaripia mpaka akachoka kusimama. Lakini nyingi, alisema, walimuuliza dawa mpya inapikwaje, naye akawaelekeza kwa mjomba wake, kwamba kuna mwanamke pale anafundisha.

"Mlango yangu iko wazi," alisema, akanywa maji. Alikuwa karibu kulia. Mimi nilikuwa nanuka tangawizi mpaka kwenye kope.

Sasa chupa siuzi. Ukitaka dawa kibandani kwangu unasukutua pale pale, unatema kando ya mtaro, unaenda. Watu wa Wajir wakishuka Garissa hununua tangawizi na karafuu, na wanazinunua kwa wingi, sikatai. Lakini juzi alikuja mama mmoja wa huko, mnene, mwenye sauti, akachagua vipande vyangu vya tangawizi kimoja kimoja, na alipokuwa akichagua akaanza kunifundisha.

"Hii mimi nasukutua nayo," akanieleza. "Unaponda, unachemsha na karafuu na malmal. Lakini usiweke asali! Kuna mwanamke mmoja mjinga wa huku Garissa aliweka asali, akageuza yote bombe."

"Ndiyo?" nikasema.

"Wallahi. Hii dawa ni ya yule." Akamwonyesha jirani yangu kwa kidevu. "Alikuja mpaka mlangoni kwangu akasema ukweli wake wote. Ndio maana namwamini, sasa kila kitu nanunua kwake."

Jirani yangu alikuwa amejificha nyuma ya mabaati yake. Yalikuwa yanatikisika yote, na hakukuwa na upepo.

Nikampimia yule mama tangawizi yake. Nilimpimia sawasawa, sikuongeza hata kipande.